Kilohezi Kumi ni za Nani?

Kwenye redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, sauti ya AM, njia ya zamani ya kurusha sauti, ikirushwa vizuri ina uzito ambao SSB, njia nyembamba ya mkanda mmoja, haijawahi kunipa. Mtu anapowasha mtambo wake, kabla hajatamka neno, ule mvumo wa masafa mafupi unashuka, spika inatulia, halafu sauti yake inaingia ikiwa na kifua na pumzi zake zote. Unamtambua kabla hajataja alama yake ya mwito, yaani herufi na namba zinazotambulisha kituo chake. Naipenda sauti hiyo, na kwa kuwa naipenda, nataka niseme jambo ambalo sisi wapenzi wa AM huwa tunalizunguka: tunachukua nafasi kubwa hewani, na nafasi hiyo hatukupewa peke yetu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kituo cha AM kinarusha wimbi bebaji katikati, wimbi tupu linalobebeshwa sauti, na kila upande wake kuna mkanda unaobeba sauti ileile. Ukiiachia sauti yako ifike kilohezi 3, yaani mitetemo 3000 kwa sekunde, umechukua 6 hewani. Ukiiachia ifike 5, umechukua 10. Mwenzako wa SSB anarusha mkanda mmoja tu, bila wimbi bebaji, na anatosheka na kilohezi 2.4 hadi 2.8 hivi. Kwa hiyo pale ulipokaa wewe mmoja wangeweza kukaa watatu. Nguvu nazo ni hivyo hivyo. Ukijaza modulesheni, yaani kiasi ambacho sauti inalipandisha na kulishusha wimbi bebaji, hadi asilimia 100 kwa mlio mmoja wa majaribio, theluthi mbili ya nguvu yote imo kwenye wimbi bebaji ambalo halina hata silabi moja ya ulichosema. John Renshaw Carson aliliona hilo mapema, na mwaka 1915 aliomba hataza ya njia ya kurusha mkanda mmoja na kuliacha wimbi bebaji. Watu wa redio ya ridhaa walichukua muda kumfuata. Ni katika miaka ya 1950 na 1960 ambapo SSB iliisukuma AM pembeni kwenye bendi za masafa mafupi, na tangu hapo sisi tuliobaki tunaishi kwenye bendi ambazo wenzetu wengi wa SSB huzipima kwa vipande vya kilohezi 3.

Swali linalogombanisha watu ni moja: je, kilohezi 10 ni haki au ni uchoyo?

Nchini Marekani, ambako AM bado ina wafuasi wengi kwenye redio ya ridhaa, kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, hazitaji namba kwa sauti ya AM kwenye bendi hizi. Kifungu cha 97.307 kinasema kwamba kituo kisichukue upana unaozidi ule unaohitajika kwa aina ya mawasiliano yanayorushwa, kwa kufuata utaratibu mzuri wa kazi ya redio ya ridhaa. Basi. Anayetaka kubishana atauliza "unaohitajika" na nani, na wapo waliobishana juu ya hilo kwa miaka mingi. Hata namna ya kupima upana imeachwa na uwazi fulani: upana kisheria ni ule ambao nje yake nguvu imeshuka walau desibeli 26, yaani karibu mara 400. Inasikika kama kipimo kikali mpaka umfikirie jirani. Kama unaingia kwake desibeli 40 juu ya S9, alama ambayo kwenye mita ya kipokezi tayari ni ya kituo chenye nguvu, basi kilichopunguzwa kwa desibeli 26 bado kinamfikia kikiwa desibeli 14 juu ya S9. Sheria umeitii, na mazungumzo yake umeyafunika.

Kutotajwa kwa namba hakukuja kwa bahati. Mwaka 1976 FCC ilileta pendekezo, lile lililojulikana kama Docket 20777, la kuzipanga bendi za redio ya ridhaa kwa upana wa mawimbi, na kama lingepita lingeifukuza AM kwenye sehemu kubwa ya masafa mafupi. Halikupita. Mwaka 2005 ARRL, chama cha watu wa redio ya ridhaa wa Marekani, nacho kilipeleka ombi la kupanga bendi kwa upana, safari hii kikiiwekea AM nafasi yake maalumu ya kilohezi 9. Ombi likazua mjadala mkali, na mwaka 2007 chama kikaliondoa. Mara zote mbili watu wa AM walisimama wakasema: tuachieni sisi wenyewe tuamue, tunajua kujipima. Nilipoyasoma hayo nilikubaliana nao, na bado nakubaliana nao. Namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi haijui kama bendi imejaa au ni tupu. Haijui kama ni saa kumi alfajiri na anayesikika ni mmoja, au ni wikendi ya mashindano ya redio ambapo hata kilohezi moja ina wenyewe. Mwenye masikio na mkono kwenye swichi anajua. Ila tuliomba tuachiwe uamuzi, kwa hiyo lazima tuamue kweli, kila tunapowasha. Opereta anayeweka upana wa kilohezi 5 kila upande siku aliyojenga mtambo wake na asiuguse tena hajaamua lolote.

Ni upana gani basi unatosha? Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti ya mtu iko chini ya kilohezi 1. Kinachotofautisha "s" na "f", "sh" na "th", kiko juu zaidi, kinapanda hadi kilohezi 3 na kupita. Ukikata sauti kwenye 3, maneno yanaeleweka vizuri kabisa. Simu za mezani ziliishi na upana wa karibu na huo kwa miaka na miaka. Ukienda 4 au 4.5, mtu anaanza kusikika kama yuko chumbani. Hapo ndipo AM inapokuwa tamu, na mimi nikiwa na nafasi ndipo ninapopenda kukaa. Kutoka 5 kwenda 7 au 8 unapata hewa kidogo juu ya sauti, ile hali ya studio, na wachache mno wanaokusikiliza wana vipokezi vilivyofunguliwa kiasi cha kuisikia. Nimesikiliza sana watu wakirusha sauti pana hivyo kwa mtu ambaye chujio la redio yake ni kilohezi 6 kwa jumla, yaani 3 kila upande. Anayezungumza naye hanufaiki na chochote cha juu ya hapo, ila anayezungumza na mtu mwingine kilohezi 7 pembeni anakipata chote.

Kwa hiyo napendelea mtambo wenye uchaguzi wa angalau hatua mbili za chujio la sauti mbele ya moduleta, sehemu inayotia sauti kwenye wimbi bebaji: moja ya kilohezi 3, nyingine ya 4.5 au 5. Iwe swichi inayofikiwa na kidole ukiwa umekaa, isiwe kitu cha kufungulia kasha. Bendi ikiwa wazi, panua. Ukisikia kituo kimeanza kuita kilohezi 6 juu yako, bana. Anayekusikiliza hata hatakatiza mazungumzo kuuliza kumetokea nini.

Lakini nisiache ionekane kwamba tatizo kubwa la AM ni ubora wa sauti. Si kweli. Uchafu mbaya kabisa ninaousikia hautoki kwa wapenda sauti nzuri, unatoka kwenye modulesheni iliyozidi. Wimbi bebaji linaweza kupanda hadi mara mbili ya kimo chake na zaidi kama mtambo una uwezo, lakini kushuka lina mwisho, nao ni sifuri. Kilele cha chini cha sauti kikilazimisha zaidi ya hapo, wimbi linakatika kabisa kwa kitambo kidogo sana kisha linarudi. Kila mkatiko una kona kali, na kona kali inazaa masafa mapya mbali na pale ulipo, kilohezi 10, 15, wakati mwingine zaidi. Hapo chujio lako la kilohezi 3 halikusaidii, kwa sababu uchafu umezaliwa baada ya chujio. Unaweza kuwa na sauti nyembamba, isiyopendeza, na bado ukawa ndiye mpana kuliko wote kwenye bendi.

Redio za kisasa zina mtego wao hapa. Redio nyingi za wati 100 hutoa wati hizo 100 kwenye kilele. AM iliyojaa asilimia 100 ina kilele mara nne ya wimbi bebaji, kwa hiyo redio hiyo inapaswa kuwekwa wati 25 za wimbi bebaji, si zaidi. Mtu mgeni kwenye AM anaona mita inasoma 25, anadhani redio imelegea, anaongeza mpaka 100. Sasa sauti haina pa kupandia. Vilele vya juu vinabanwa, sauti inakuwa ya kukwaruza na dhaifu, naye anaambiwa hasikiki vizuri, basi anaongeza kipaza sauti. Ukimsikia mtu wa namna hii usimwache aende hivyo. Mwambie arudishe wimbi bebaji hadi 25, apunguze kipaza sauti mpaka mita ya ALC, kidhibiti cha nguvu cha redio yenyewe, isivute, halafu amsikilize mtu wa tatu akimwelezea tofauti.

Kifaa kinachomaliza ubishi huu ni osiloskopu. Hata ya zamani sana inatosha. Peleka kwenye wima sampuli ya mawimbi yanayotoka, na kwenye mlalo sauti inayotoka kwenye moduleta, na utapata umbo la trapeza. Upande mfupi wa trapeza ukichongoka hadi ncha, umefika asilimia 100 chini. Ncha ikianza kuvuta mstari mwembamba unaong'aa kuelekea pembeni, wimbi linakatika, na kuna mtu anaumia mahali fulani. Ukiwa hapo angalia jambo lingine: sauti za watu wengi hazilingani juu na chini, vilele vya upande mmoja ni virefu kuliko vya upande wa pili. Geuza nyaya mbili za kipaza sauti, na vilele virefu vinaweza kuhamia juu, kwenye nafasi, badala ya chini kwenye ukuta wa sifuri. Unapata sauti kubwa zaidi na uchafu mdogo zaidi bila kununua kitu.

Anayesikiliza naye ana wajibu wake, na huu hutajwa mara chache. Malalamiko mengi ya "wewe ni mpana" yanazaliwa ndani ya redio ya anayelalamika. Kizuia kelele, kile kinachokata mipigo ya umeme, kikiwa kimewashwa wakati kuna kituo chenye nguvu karibu, kinaweza kukifanya kituo safi kabisa kisikike kimetapakaa kilohezi 20. Kiamplifaya cha mbele, kile kinachokuza mawimbi yakitoka tu kwenye antena, kikiwa kimewashwa kwenye bendi ya mita 80 usiku, ambako mara nyingi hakihitajiki, kinafanya vivyo hivyo. Na skrini za wigo zilizoenea siku hizi, zinazochora mawimbi yote yaliyo kwenye bendi, zinaonyesha chochote kilicho juu ya kelele za chini. Kituo chenye nguvu kinaonyesha mabega mapana ambayo yako desibeli 50 au 60 chini ya kilele, na mtu anapiga picha ya skrini kuwa ushahidi. Zima kizuia kelele, zima kiamplifaya cha mbele, washa kipunguza nguvu cha desibeli 20, angalia tena. Kama mabega yameshuka pamoja na kilele kwa kiasi kilekile, hayo ni ya kwake. Kama yameshuka kwa kasi zaidi au yametoweka, yalikuwa yako.

Tuchukue mahali mahususi. Kwenye bendi ya mita 80 huko Marekani watu wa AM wamezoea kukutana kwenye kilohezi 3885, na maeneo mengine ya namna hiyo ni 7290, 14286, na kipande cha 29000 hadi 29200. Uingereza wana 3615. Hizi si mali ya mtu. Kanuni ya 97.101 ya FCC inasema wazi kwamba hakuna masafa yatakayotengwa kwa matumizi ya kituo kimoja peke yake, na inawataka wote washirikiane kuchagua mahali pa kurushia. Ni mazoea, na mazoea yanafaa kwa sababu yanamwezesha kila mtu kujua atakuta nini wapi.

Sasa mtu wa AM yuko 3885 na sauti ya kilohezi 5. Amekaa kuanzia 3880 hadi 3890. Mtu wa SSB anakuja, na kwenye bendi hii SSB hutumia mkanda wa chini, kwa hiyo sauti yake iko chini ya namba anayoisoma kwenye redio. Akijiweka 3880, sauti yake inaanza 3880 na kushuka hadi 3877 hivi; hakuna mgongano. Upande wa juu mambo yanabadilika. Akijiweka 3890 akidhani ameacha kilohezi 5, sauti yake yote iko kati ya 3887 na 3890, ndani kabisa ya mkanda wa juu wa mwenzake. Ili awe nje anatakiwa 3893. Umbali sawa kwenye namba, matokeo tofauti kabisa, na wengi wanaogombana kwenye eneo hili hawajawahi kukaa chini na kalamu kuliona hilo. Kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye aliyemfuata.

Mtu wa AM akibana sauti hadi kilohezi 3, anakaa 3882 hadi 3888. Ameachia kilohezi 2 kila upande. Mwenzake wa juu sasa anaweza kukaa 3891. Na kama bado kuna mgongano upande mmoja, anayepokea AM ana karata ambayo wengi hawaitumii: mikanda miwili inabeba sauti moja, kwa hiyo anaweza kusikiliza mmoja tu. Redio yenye kigunduzi sanjari, kinachojitengenezea wimbi bebaji lake ndani ya kipokezi, inafanya hivyo kwa kubonyeza. Isiyo nacho, weka SSB, linganisha namba na wimbi bebaji mpaka mlio wake upotee, na usikilize mkanda ulio safi. Ule upande wa juu ukiwa na vurugu, wa chini unabaki mtulivu na mazungumzo yanaendelea. Ni upana huo huo tunaolaumiwa nao ndio unaotupa nakala ya pili.

Kupiga hodi kabla ya kuingia kuna ufundi wake kwenye AM. Mtu wa SSB anasikiliza sekunde kumi, hasikii kitu, anauliza kama masafa yanatumika, anaingia. Kwenye mzunguko wa AM, kundi linalopokezana zamu za kuongea, mtu mmoja anaweza kushika zamu dakika tano au nane. Kama aliye zamu hasikiki kwako kwa sababu ya umbali unaorukwa na mawimbi, utakuta kimya kitupu, na wengine wote kwenye mzunguko hawatakujibu kwa kuwa wanamsikiliza yeye. Mahali panapojulikana ni pa AM, kimya cha sekunde kumi hakitoshi. Ngoja zaidi, uliza zaidi ya mara moja. Nasi wa AM tuna deni letu hapo: tuachie mwanya kati ya zamu na zamu, wa kutosha mtu kutamka alama yake yote, na zamu zenyewe tuzifupishe bendi inapokuwa na watu. Dakika nane za kueleza transfoma uliyoiokota ni raha kubwa kwa wanaopenda transfoma, nami ni mmoja wao. Mwenye kituo dhaifu anayengoja kuingia anaweza kupoteza njia ya mawimbi katika dakika hizo hizo.

Kabla ya kuwasha wimbi bebaji, mtu wa AM aweke kipokezi chake kwenye SSB na apite taratibu kilohezi 5 juu na 5 chini ya anapotaka kukaa. Ukisikiliza ukiwa kwenye AM, mazungumzo dhaifu ya SSB yaliyo kilohezi 3 pembeni yanasikika kama mnong'ono usioeleweka, na ni rahisi kuudhani ni kelele. Kuupima na kuurekebisha mtambo kufanyike kwenye mzigo bandia, kifaa kinachomeza nguvu bila kuirusha, si kwenye antena na si juu ya watu. Mkiwa kwenye mzunguko, linganisheni mawimbi bebaji yenu: mawili yakitofautiana hezi 300, yakiwaka pamoja yanapiga mluzi wa hezi 300 juu ya kila neno, na anayekuja kusikiliza AM kwa mara ya kwanza ataondoka na mluzi huo tu.

Juu ya nguvu sina mengi. Kikomo cha Marekani ni wati 1500 kwenye kilele, ambacho kwa AM iliyojaa ni wati 375 za wimbi bebaji. Wimbi bebaji la wati 40 na sauti iliyojaa vizuri, bila kukatika, linafanya kazi kwa uzuri ambao watu wengi hawautarajii.

Na siku utakapomsikia mtu mpana kweli, umeshazima kizuia kelele na umeshapunguza nguvu na bado yupo, ngoja zamu yake iishe. Taja alama yako. Mpe namba: unamsikia wazi kutoka wapi hadi wapi, uchafu unatokea anapoongea kwa sauti kubwa tu au muda wote, na anaingia kwako na nguvu gani. Uchafu wa vilele tu unamwelekeza kwenye modulesheni. Uchafu wa kudumu unamwelekeza kwenye chujio. "Unachafua bendi" haimwelekezi popote. Akisema anapunguza, baki palepale umsikilize tena, umwambie kilichobadilika kwa namba zilezile ulizoanza nazo.